Fundi Aliyeacha Tundu Kwenye Paa

Wale waliokosa gazeti la wiki jana kwa sababu jirani alilifungia nyama, nitawakumbusha upesi. Wale waliolisoma wavumilie kidogo, ao waende kugeuza ndizi kwa moto, kisha warudi.

Bwana yangu Benoît alishuka Walikale kuchimba dhahabu kule Omate, akaniacha na mimba. Nikazaa Colette, Colette akatembea, akaanza kusema uongo muzuri kama mama yake, na baba bado hajapanda. Mwaka 1954 habari njo ilipanda badala yake: shimo limeanguka, watu wamebaki ndani.

Maiti haikuja. Mama mukwe wangu, Mama Sidonie, ni binti wa pori la Walikale aliyeolewa huku kwetu Ngungu, kwenye milima ya Masisi. Akasema mutoto wake hatabaki bila kaburi. Tukakata mugomba wenye urefu wa Benoît, tukauvalisha shati lake la misa, tukauzika na kuulilia. Mukatekista aliomba huku anaangalia mawingu, ili padiri akimuuliza aweze kuapa kwamba hakuona kitu gani kiliingia kaburini.

Hivyo njo nilivyopata kuwa mujane wa mugomba.

Sauti zetu zilikuwa bado zimekauka kwa kulia wakati shemeki Léopold, mukubwa wa Benoît, aliposimama mbele ya ukoo. Alisema nyumba ya baba yao haiwezi kuozea mikononi mwa mwanamuke. Siku ya kutosha kilio, matanga yakiisha na mimi nikivua nguo nyeusi, wakikuta paa linavuja, mimi nitarudi kwa baba yangu Kashuga na yeye ataingia ndani. Colette ni mutoto wa ukoo, atabaki.

Walikubali wote. Niliangalia wanawake wenzangu nikitafuta hata mumoja wa kukohoa. Siku ile hakuna aliyekuwa na mafua.

Hapo njo nilipowaacha.

Sasa hiyo nyumba. Ilijengwa na muzungu mwenye mashamba kabla Benoît hajazaliwa: chini mawe meusi ya volkano, katikati mbao, juu vigae vyekundu. Wakati wa vita vya Wazungu alirudi kwao, akamwachia funguo kapita wake, musimamizi wa wafanyakazi, baba mukwe wangu Barthélemy. Muzungu hakurudi. Barthélemy akafia humo, akaiacha kwa Benoît, si kwa Léopold.

Watu walitoka mbali kuangalia madirisha yetu. Hakuna aliyeomba kulala.

Maana tangu tuzike ule mugomba, kila ukungu uliposhuka mchana, kulikuwa na muntu anayetembea juu ya plafon, ile dari yetu ya mbao. Alianzia kwenye shemine, pale pa kuotea moto, akapita juu ya meza, akaja kusimama juu ya kitanda changu. Mukatekista alisema ni panya. Nikamuuliza ni panya wa dini gani anayekohoa.

Mafundi wa Ngungu walikataa kuja. Wengine walisema mugongo unawauma. Wengine waliogopa zile nyayo. Mumoja alikuwa na adabu ya kuniambia kweli: Léopold alikuwa amepita kwao, na amewakataza.

Vigae vilikuwa vinaanguka. Nilitandika masufuria ndani ya nyumba, moja moja chini ya kila tone. Mvua ikinyesha, tulikuwa na muziki kuliko kanisa.

Halafu akaja Hilaire.

Alitokea kwenye barabara ya Walikale, muntu murefu, mukimya, na mufuko wa ngozi begani wenye nyundo na msumeno. Alisimama kwenye uwanja akaangalia paa muda murefu, kama muntu anayeangalia mugonjwa.

"Mama, nimesikia uko na nyumba ya muzee inalia."

"Inalia, na mimi nalia," nikamwambia. "Utaanza na nani?"

Hakucheka. Mimi muntu asiyecheka ananitia hofu, lakini sikuwa na fundi mwingine. Tulipatana mbuzi na chakula, na kulala kwenye jiko la nje.

Kisha akaenda kwenye mulango wa mbele.

Ule mulango wetu ulikuwa na tabia yake. Ukiusukuma tu, haufunguki. Inafaa uuinue kidogo kwa goti, halafu usukume. Léopold mwenyewe alikuwa anausahau kila mara na kuumiza bega. Hilaire hakuusukuma. Aliweka goti, akainua, akaingia.

Ndani ya kolido kuna boriti iliyoshuka, inayopiga kichwa cha kila mugeni murefu. Hilaire aliinama kabla ya kuifikia. Hakuwa anaiangalia. Alikuwa anaangalia nyuma, ananiuliza msumari uko wapi.

"Papa Hilaire, ulikwisha kuingia humu?"

"Hapana, Mama."

"Nani alikufundisha mulango wangu?"

"Nyumba za zamani zinafanana."

Niliwahi kuona nyumba za zamani, wasomaji wangu. Zinafanana kama watu wazee wanavyofanana: kwa mbali.

Lakini kazi yake, sitamuibia sifa. Alitoa mbao zilizooza, akaweka mupya za muti mugumu. Alisafisha shemine mpaka moshi ukakumbuka njia yake. Na kila jambo aliniuliza. Mama, hii mbao tuitoe? Mama, dirisha hili lifunguke ndani ao inje? Nikimwambia afuate akili yake, alikataa. Alisema ni mimi niliyemuita kazi, basi ni kinywa changu kinachoamuru.

Toka niolewe, hakuna mwanaume aliyewahi kungojea kinywa changu. Nilianza kupika vizuri.

Jambo moja tu halikunipendeza. Alikuwa anaongea na nyumba. Akipanda ngazi, aliweka mukono kwenye ukuta akasema polepole, "Nimepanda, kaka, usinisukume." Colette alimsikia, akamuuliza kaka ni nani. Hilaire akamwambia, "Mwenye nyumba." Mutoto akaja kwangu mbio kuniuliza kama mugomba umetoka ardhini.

Nikamchapa. Kisha nikaenda kuangalia kaburi.

Halikuwa limefunguka. Lakini mugomba ule, wasomaji wangu, ulikuwa umechipuka. Jani moja la kijani lilikuwa limesimama juu ya kifua cha bwana yangu. Nililing'oa na kulificha chini ya nguo. Sikumwambia muntu. Ungekuwa weye, ungemwambia nani?

Paa lilikwisha siku chache kabla ya ukoo kuja. Ao mimi nilifikiri limekwisha. Niliingia chumbani kutandika, nikasikia upepo kichwani. Nikaangalia juu. Pale juu ya kitanda changu kabisa, mbao za plafon zilikuwa zimetolewa, vigae havikuwepo, na wingu lilikuwa linapita taratibu kama linanichungulia. Tundu la kutosha muntu.

Nikamuita ashuke.

"Papa Hilaire, umesahau kitu."

"Sikusahau."

"Basi panda ufunge."

Mara ya kwanza tangu aje, hakutii. Alikaa kwenye ngazi ya chini akafuta mikono. Alisema atafanya kila nitakachomuamuru, hata kubomoa shemine na kuijenga upya, lakini tundu hilo asilifunge. Kwao fundi hafungi nyumba ya muntu aliyezikwa bila mwili.

Nikamwambia kwetu fundi anayeacha tundu anakula mawe, si mbuzi. Nikamuita Mama Sidonie, nikitumaini atamuaibisha, kwa kuwa wote wawili ni wa pori.

Mama Sidonie macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, anaona mwanga na kivuli tu. Alisimama chini ya lile tundu, akainua uso, upepo ukampiga pamoja na mvua iliyoanza kunyesha. Akashika mukono wangu.

"Verdiane," aliniambia, "muntu tuliyemuzika, mulango hauwezi tena kumupokea. Mulango ulisikia kilio chake. Akirudi, anapita juu."

"Nani anarudi, Mama?"

Alimgeukia Hilaire, na wakaongea lugha ya kwao, haraka haraka. Nilikuwa nimekaa na huyu mama miaka mingi, nilijua maneno ya kuomba chumvi na ya kutukana kuku. Hayo hayakunisaidia. Lakini nilisikia jina la Benoît, na nilimuona mama mukwe anaanguka magoti kwenye maji ya mvua.

Niliposhika shati la Hilaire, alisema yote. Yeye alichimba Omate, shimo moja na Benoît. Benoît hakufia ndani. Baruti ilimla uso, watu wa pori wakamtunza. Amepanda hadi karibu, amejificha, kwa sababu amesikia kwamba alikwisha kuzikwa, na anaogopa kupita mulangoni. Mulango, boriti, yote hayo, Benoît njo alimwambia.

"Ulikaa hapa, ukala ndizi zangu, ukanyamaza?"

"Aliniambia kwanza nijenge njia."

Nilikaa juu ya kitanda chenye maji. Sikujua kama ninataka kulia ao kumpiga muntu. Ukweli wangu ni huu: jambo la kwanza nililofikiri halikuwa Benoît. Lilikuwa Colette, na Léopold, na siku ile inayokuja. Kama Benoît iko muzima, mimi si mujane, na hakuna muntu wa kunitoa. Kama ni uongo wa fundi, nitakutwa na tundu juu ya kitanda, na mutoto wangu nitamuonea kanisani tu.

Hilaire alikuwa ananingojea. "Mama, sema. Ukisema nifunge, nitafunga, na atarudi pori."

Nikasema aache.

Siku ya kutosha kilio ukoo ulikuja mapema, na mvua ilikuja mapema kuliko ukoo. Léopold alikuwa amevaa koti na kubeba mwavuli, ameshapima kwa macho mahali atakapotundika picha yake. Bega lake lilifungua mulango kwa maumivu, kama kawaida.

Alipita chumba kwa chumba, watu nyuma yake. Kila alipoangalia juu, palikuwa pakavu. Kila palipokuwa pakavu, uso wake ulirefuka. Wanawake walianza kupiga makofi kidogo kidogo, wakimuogopa. Jamaa mumoja alisema hata muzungu mwenyewe hakuacha paa namna hii.

Nilisema basi imetosha, chakula iko tayari. Léopold akasema bado chumba cha kulala.

Akafungua. Maji yalikuwa yanashuka juu ya kitanda kama yanamwagwa na ndoo.

Alifunga mwavuli wake polepole. Sijawahi kumuona amefurahi hivyo, hata siku ya arusi yake.

"Mama Colette," akasema, "kusanya vyombo."

Colette alishika nguo yangu. Nilisikia mikono yake midogo kupitia kitambaa. Mama Sidonie njo alipiga fimbo chini.

"Tundu hilo iko ya Benoît," akasema.

Wakacheka. Muzee mumoja akamwambia apumzike, mama. Na hapo, juu ya kicheko chao, tukasikia kigae kinalia chini ya mguu. Kisha kingine. Sauti ya Hilaire ikatoka mvuani:

"Mukae pembeni."

Miguu miwili ikatokea kwenye tundu.

Chumba kizima kilirudi nyuma. Wengine waliruka inje kwa dirisha, na mukatekista alikuwa wa kwanza. Miguu ilining'inia, ikatafuta hewa, ikashuka. Muntu akaanguka juu ya kitanda changu na maji yote, akabaki amekaa.

Upande mumoja wa uso wake ulikuwa kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Jicho moja lilikuwa limefumba. Ndevu nyingi. Alipotaka kusema, ilitoka pumzi tu, kama muntu aliyemeza vumbi la shimo miaka mingi.

Mama Sidonie alimwendea mikono mbele. Alimshika kichwa, akashika masikio, akashuka kwenye shingo, mabega. Alikuwa analia bila sauti.

"Iko yeye," akasema. "Iko mutoto wangu."

"Si yeye," Léopold akasema.

Hakupiga kelele. Alikuwa amekuwa mweupe midomoni. "Mama, nililala kitanda kimoja na Benoît mpaka nikapata ndevu. Namujuaka. Huyu muntu si yeye."

Ukoo ukagawanyika pale pale. Wengine walisema urefu ni ule. Wengine walisema baruti inabadilisha muntu. Wengine walimuangalia Léopold na kukumbuka nani anaitaka nyumba. Mama Sidonie akapiga fimbo tena.

"Aliyelala naye aseme. Verdiane, sema."

Sasa sogeeni karibu, maana haya siwezi kuyaandika kwa herufi kubwa.

Mimi nilikuwa naangalia miguu. Benoît alikuwa na miguu mifupi, mipana, vidole vikubwa vimepinda kuelekea inje kama ndugu waliogombana. Hakuna kiatu cha arusi kilichomuingia, alinioa na viatu mukononi. Baruti inaweza kula uso. Haiwezi kunyoosha vidole. Miguu iliyokuwa juu ya kitanda changu ilikuwa mirefu na nyembamba, miguu ya muntu mwingine kabisa.

Nikainua macho. Lile jicho lake moja lilikuwa linaningoja. Alisogeza midomo, na pumzi ile ikatoka, kwa ajili yangu peke yangu:

"Kafinya."

Benoît njo alinipa hilo jina. Hakuna mwingine aliyelijua, si mama yake, si dada zangu. Ni jina la chini ya blanketi. Muntu halisemi kwa rafiki akila naye ndizi. Analisema akiwa anakufa, ao akiwa analazimishwa.

Basi nikajua mambo mawili kwa pamoja. Huyu hakuwa bwana yangu. Na alikuwa karibu sana na bwana yangu siku alipokata roho.

"Sema," Léopold akaniambia. Aliongea kwa upole. Ilikuwa mara ya kwanza anaongea nami hivyo. "Verdiane, sema kweli tu."

Kweli. Kweli ilikuwa inanirudisha Kashuga na masufuria yangu kichwani. Mikono ya Colette ilikuwa bado kwenye nguo yangu.

"Papa Colette," nikamwambia yule muntu, "umechelewa sana. Chakula imepoa."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka vigae vikatetemeka. Siku moja tu katika maisha yake shemeki Léopold alisema kweli mbele ya watu, na mimi njo nilimfanya muongo. Alitoka bila mwavuli wake. Ukoo ulitoka nyuma, kwenda uwanjani kucheza na kunywa kasiksi yangu, pombe ya ndizi. Mama Sidonie alimbeba Colette, na kabla ya kutoka akaita juu, tundu lifungwe haraka, kisiingie kilichomfuata.

Tulibaki wawili. Juu yetu Hilaire alianza kupigilia mbao, kisha kuweka vigae. Kila kigae kilikula kipande cha mwanga. Mwanga ulitoka kwenye mito, ukatoka kwenye magoti ya yule muntu, ukabaki juu ya mukono wake, ukapunguka.

Alikuwa anazungusha lile jicho lake: kuta, dirisha, sanduku la nguo zangu. Alipiga blanketi kidogo, kama muntu anayejaribu godoro dukani. Kisha akainua kichwa, na sauti iliyotoka haikuwa pumzi tena. Ilikuwa sauti nzima, nzito, safi, isiyowahi kumeza vumbi hata siku moja.

"Hilaire. Ukimaliza huko, ubadilishe kitasa cha mulango. Funguo iwe moja, uniletee mimi."

Nyundo ikasimama. Nilingojea. Nilingojea fundi wangu aniulize, kama alivyoniuliza kila mbao na kila dirisha, kwa kuwa ni mimi niliyemuita kazi.

"Ndiyo, Papa," Hilaire akajibu, na akaweka kigae cha mwisho.